Peugeot 504 ya marehemu baba: nitengeneze kabureta au niweke injekshini?

BintiWaHombolo:

Mbukwenyi wakuu. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Nina Peugeot 504 GL ya mwaka 1977, injini ni ileile ya cc 1971 iliyotoka nayo kiwandani, kabureta ni Solex ya koo mbili. Ilikuwa ya baba yangu. Aliiendesha mpaka miguu ilipokataa kukanyaga klachi, na miaka miwili iliyopita, kabla hajafariki, akanikabidhi funguo mimi. Sisi ni wakulima wa zabibu huku Hombolo. Msimu wa mavuno buti na kiti cha nyuma vinajaa makreti, natoka alfajiri kuwahi soko la Majengo kabla jua halijazipiga. Kwa hiyo hii si gari ya kufunika turubai na kupigia picha. Inafanya kazi.

Tatizo liko hivi. Asubuhi inawaka kwa kubembelezwa. Ikipata moto inatulia kiasi, lakini sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga, haikai: inapanda, inashuka, kila nikisimama inataka kuzima. Ndani kunanuka petroli. Nikichomoa plagi zote nne ni nyeusi, masizi makavu yanayopaka vidole. Nimepima ulaji wa mafuta mara tatu kwa kujaza tenki mpaka shingoni, inanipa kilomita 6 kwa lita. Baba alikuwa na daftari dogo kwenye dashibodi, kila akijaza anaandika kilomita na lita, na humo naona 10 na pointi kadhaa, safari za Morogoro hata 11.

Kilichonifanya niandike ni safari ya Iringa ya Oktoba. Niliteremka vizuri, Mlowa Barabarani, Chipogolo, mpaka Mtera. Nikavuka, pale Migoli nikasimama kununua samaki. Dakika kama 15 tu. Niliporudi haikuwaka. Starta inazungusha vizuri, petroli inanuka, haishiki kabisa. Nilikaa kwenye jua lile tangu saa nane mpaka saa tisa na nusu, kisha ikawaka yenyewe kama haijawahi kuumwa. Kupanda Nyang'oro haikuwa na nguvu, moshi mweusi nyuma, malori yenye mzigo yananipita. Niliumia, kwa sababu nakumbuka nikiwa mdogo nimekaa nyuma, mlima huohuo, na baba ndiye aliyekuwa akiyapita malori.

Sasa nimepewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza anasema ng'oa injini weka ya Toyota. Hilo nimeshalikataa, namba ya injini iliyo kwenye kadi ya baba itabaki hiyo. Wa pili ni kijana wa mjini anayefunga injekshini ya umeme, ile inayokaa palepale ilipokuwa kabureta, na injekta zake, pampu ya umeme, kontrolboksi, na sensa ya oksijeni inayochomelewa kwenye ekzosi. Kwa kila kitu anataka milioni 3 na laki 8. Wa tatu kanitajia injini ya 504 ya injekshini ya kiwandani, yenye pampu ya Kugelfischer, ile ya kupiga petroli bila umeme wa kompyuta, imelala gereji moja Morogoro.

Mimi nimeshajifunza kubadilisha plagi, filta na mkanda wa feni. Fundi wa karibu na shamba ni wa bodaboda. Nataka gari itakayonifikisha Iringa na kunirudisha, na nikikwama nijue angalau pa kuanzia. Mnanishauri nini?


Dereva_Gairo:

Dada, pole sana, na hongera kwa kuitunza ya mzee.

Mimi naunga mkono injekshini ya umeme. Nina pikapu ya Datsun 1200, huu mwaka wa tatu tangu niifunge mfumo huo, na sijajuta. Asubuhi ya Julai Gairo kuna baridi na upepo, nawasha mara moja. Nashuka Dumila kwenye joto, napanda tena, haioni tofauti, kwa sababu kuna sensa inayopima presha ya hewa kwenye manifoldi na kontrolboksi inapima petroli kulingana na hiyo. Moshi mweusi milimani nimeusahau.

Ila nikuambie ukweli ambao huyo kijana huenda hajakuambia. Pampu ya kwanza ilikufa mwezi wa pili kwa kutu ya tenki. Ilibidi tenki lishushwe, lisafishwe, lipakwe dawa ndani. Pia alteneta yangu ya zamani ilikuwa inashuka volti usiku taa zikiwaka, gari inaanza kusitasita, nikabadilisha. Kwa hiyo kwenye hiyo milioni 3 na laki 8 ongeza tenki na alteneta. Na tembea na pampu ya akiba kwenye buti, mimi natembea nayo mpaka leo.


Fundi_Kizota:

Mwanangu, marahaba. Pole kwa msiba, na ahsante kwa kuikataa ile ya Toyota.

Nimeshika 404 na 504 tangu zikiwa gari za maofisini hapa Dodoma. Kabla hujatoa hata shilingi, fanya kitu kimoja. Fungua daftari la baba, tafuta ni lini kipimo kilianguka. Nataka kujua kama kilishuka polepole mwaka hadi mwaka, au kilianguka ghafla. Kabureta inayozeeka huharibika taratibu. Shafti ya kipepeo, kile kibati cha kufungua na kufunga hewa kooni, inalika, hewa inaingia pembeni, gasketi inakakamaa, sindano ya boya inaacha kuziba sawasawa. Ukiona imeanguka ghafla, ujue siku hiyo kuna mtu aliifungua.

Watu watakuambia ni mwinuko wa Dodoma. Tuupime basi. Tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia kama 12. Kabureta hailijui hilo. Inatoa petroli kwa kuvutwa na hewa inayopita kooni, na hewa ikipungua uzito petroli haipungui kwa kiwango kilekile, kwa hiyo mchanganyiko unanenepa kwa petroli, lakini ni kwa asilimia kama 6 tu. Injini ya petroli inataka gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, na ikinenepa kwa asilimia 6 inavumilia, plagi zinakuwa na weusi kidogo basi. Haikushushi kutoka 10 mpaka 6. Kwako kuna jeraha.

Na usidanganywe kwamba injekshini itakurudishia nguvu inayopotea mlimani. Iringa ni juu kuliko huku, hewa ni pungufu zaidi. Kontrolboksi inapunguza petroli ilingane na hewa iliyopo, ni jambo zuri, moshi unaisha na mafuta unaokoa. Hewa yenyewe haiongezi.

Tuje Migoli. Ulipozima injini, maji na feni vilisimama, joto lote la injini likapanda kwenye kabureta. Petroli ikachemka ndani ya bakuli, ikamwagikia kwenye manifoldi, injini ikazama. Nina hakika ulikuwa unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia. Kila ukifanya hivyo pampu ndogo ya kabureta inapiga petroli nyingine juu ya ile. Siku nyingine fungua boneti mara tu unaposimama. Ukitaka kuwasha, kanyaga pedeli mpaka chini kabisa, ishikilie hapo usiiachie, ndipo upige starta. Kipepeo kikiwa wazi hewa inapita nyingi inakausha ile petroli, itashika. Kisha angalia chini ya kabureta kama ile spesa nene ya bakelaiti, plastiki ngumu ya kuzuia joto, bado ipo. Nimeona nyingi zimetolewa, limewekwa karatasi tupu la gasketi, joto linapanda moja kwa moja.

Anza na moto wa plagi kabla ya petroli. Pointi, zile zinazokata umeme ili plagi zipige cheche, ziwe na nafasi ya kama milimita 0.4, kondensa nzima, waya za plagi zisivuje. Kabureta nyingi zimeletwa kwangu zinalaumiwa kwa kosa la kondensa. Moto ukiwa sawa, washa injini, itulie, kisha dondosha mafuta mepesi ya mashine pale shafti ya kipepeo inapoingia kwenye mwili wa kabureta, upande mmoja halafu wa pili. Mlio ukibadilika, pale hewa inaingia.

Mwisho, jeti, vile vipande vyenye tundu la kupima petroli. Ukizitoa utaona zimechongwa namba. Ikiandikwa 120, tundu ni kama milimita 1.20. Kuna mafundi wanazibua jeti kwa waya wa chuma. Usikubali kamwe. Jeti ni shaba, laini, waya unaipanua na unaikwaruza, na hakuna skrubu ya kurudisha hicho kilichopanuka. Jeti inapulizwa kwa upepo wa kompresa, kama imeganda inalazwa kwenye dawa usiku kucha.

Injekshini ya umeme siichukii, Dereva_Gairo kasema kweli na kwa uzoefu. Lakini bomba la kabureta lina presha ya kama baa 0.2 au 0.3, na mifumo mingi ya injekshini ni baa 3 kwenda juu. Mipira yote ya petroli, klipu zake na bomba la kurudishia lazima viwe vya presha hiyo. Nimeona gari imeungua kwa mpira wa kabureta uliofungwa kwenye pampu ya injekshini. Huyo kijana muulize ataweka mipira gani na bomba la kurudisha litapita wapi. Akisita, ondoka.

Nijibu la daftari.


Mzee_wa_Kondoa:

Fundi, salaam. Binti, nikusaidie kwenye hiyo ya Morogoro, maana nilikuwa na 504 TI, ya injekshini, miaka ya themanini na naijua kwa mikono yangu.

504 ilipotoka mwaka 1968 kiwanda chenyewe kilimpa mnunuzi uamuzi huuhuu unaouliza leo: cc 1796 yenye kabureta au yenye Kugelfischer. Mwaka 1970 injini ikapanuliwa kuwa cc 1971, na uchaguzi ukabaki. Ile ya injekshini haina kompyuta hata moja. Pampu inazungushwa na mkanda kutoka mbele ya injini, ndani kuna pistoni ndogo nne, kila silinda na yake, na kuna koni inayosogea kulingana na unavyokanyaga na injini inavyozunguka. Nguvu zinapita farasi 100. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa kwetu Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, walishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa 404 ya injekshini ya namna hiyo. Kwa hiyo asije mtu akakuambia haiwezi vumbi na mashimo ya Afrika Mashariki. Iliyaweza.

Lakini ilikuwa na watu wa kuihudumia. Pampu na kipepeo lazima vilingane kwa nyuzi kamili, na vipimo vyake si vya kukisia. Pistoni zile zimebana kuliko unavyofikiri, petroli chafu inazikwaruza, petroli iliyooza inazigandisha. Yangu niliiacha miezi minane nikiwa kazini Singida. Niliporudi pampu ilikuwa imeshika. Fundi mmoja akaifungua bila vipimo, na haikurudi kuwa pampu tena. Niliiuza gari ile kwa huzuni.

Wewe umesema hiyo ya Morogoro "imelala". Neno hilo ndilo linalonitisha. Uliza imelala tangu lini na tenki lilikuwa na nini. Kama hawajui, hata wakikupa bure usiichukue kwa ajili ya kutembelea. Na kumbuka ile pampu nayo inapima kwa mkanyago na mzunguko, kwa hiyo usitarajie itautambua mlima wa Nyang'oro kama inavyoutambua ile ya umeme.


BintiWaHombolo:

Shikamooni tena wazee wangu. Dereva_Gairo, ahsante kaka.

Fundi, nimelifungua daftari jana usiku, nimesoma ukurasa baada ya ukurasa. Machi 2011 baba ameandika: "Kabureta imesafishwa, Dar." Kabla ya mstari huo: 10.4, 10.1, 10.6. Baada yake: 7.2, 7.0, 7.1. Siku moja, kama ulivyosema. Chini ya ile 7.0 ameandika kwa penseli, "petroli mbaya?" na baadaye naona alianza kubadilisha vituo, ameandika majina ya vituo pembeni, kimoja baada ya kingine. Miaka yote ile alikuwa anatafuta petroli nzuri.

Nakuja Kizota Jumamosi.


BintiWaHombolo:

Narudi na majibu, naandika kwa urefu kidogo kwa sababu najua kuna wengine wenye 504 watasoma.

Tulianza na moto kama fundi alivyoagiza. Kondensa ilikuwa nzima, pointi zilikuwa zimekaribiana mno, zikarekebishwa. Sailensi ikawa bora kidogo tu. Tukadondosha mafuta kwenye shafti: upande wa kwanza kimya, upande wa pili mlio ukabadilika palepale. Kipepeo cha koo ya kwanza unakishika kwa vidole kinacheza juu na chini.

Kabureta ikashushwa, ikafunguliwa juu ya sinia jeupe ili kisipotee kitu. Chini ya bakuli kulikuwa na tope jekundu, laini kama poda, ni vumbi la barabara yetu ya Hombolo kabisa. Boya fundi alilitikisa sikioni, akanipa na mimi nitikise: hakuna petroli ndani, ni zima. Halafu akatoa jeti kuu mbili, akasoma namba kwa lenzi, akachukua keekee nyembamba ya kipimo kinachozidi kidogo namba ile. Kwa jeti nzima haipaswi kuingia. Ya koo ya pili haikuingia. Ya koo ya kwanza ikaingia na kucheza. Akanielekeza niangalie kwenye mwanga wa dirisha, nikaona tundu si duara, lina umbo la yai, na mikwaruzo inang'aa ndani. Nilinyamaza. Nilimfikiria baba akihama kituo hiki kwenda kile.

Fundi akanieleza kilichotokea, nadhani yuko sahihi. Shafti ilikuwa imeanza kulika, hewa inaingia pembeni, petroli ikawa haitoshi. Yule wa Dar badala ya kutafuta hewa inakoingilia, akazibua jeti kwa waya, ikapanuka, petroli ikazidi, gari ikaonekana nzima kwa muda. Ugonjwa mmoja ukafunikwa kwa mwingine. Shafti ikaendelea kulika, ndiyo maana kutoka 7 imefika 6 mikononi mwangu.

Spesa ya bakelaiti haikuwepo. Lilikuwepo karatasi.

Kilichofanyika: jeti imebadilishwa kwa nyingine kutoka kabureta ya aina ileile aliyokuwa ameihifadhi, mwili wa kabureta umepelekwa kwa fundi wa kuchonga vyuma akauwekea bushi mbili za shaba, sindano mpya, gasketi mpya, spesa imepatikana ya mtumba, bati la kukinga joto limekatwa palepale, na filta ndogo ya petroli imewekwa kabla ya pampu. Jumla laki 2 na elfu 60. Skrubu ya mchanganyiko aliirekebisha injini ikiwa na moto, akiisikiliza, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Jumapili iliyofuata nikaenda Iringa makusudi. Migoli nikasimama, nikafungua boneti, nikala kabisa, nusu saa. Nikakanyaga pedeli mpaka chini nikaishikilia. Ikashika kwenye mzunguko wa nne au wa tano hivi. Kwenda na kurudi ni kilomita 9.8 kwa lita, na plagi zina rangi ya udongo wa kahawia.

Kwa hiyo kwa sasa nabaki na kabureta. Kaka wa Gairo, sijaufuta ushauri wako. Tenki nitalishusha wakati shamba halinihitaji sana, nilisafishe, maana hilo linahitajika kwa njia yoyote. Ila leo, kitu kikigoma Chipogolo, naweza kufungua boneti na kujua niangalie nini kwanza, na hilo kwangu ni kubwa kuliko urahisi wa kuwasha asubuhi. Ya Morogoro nilipiga simu. Hawajui imelala tangu lini. Nimeiacha.

Bado jambo moja, fundi. Nyang'oro inapanda vizuri, moshi hakuna, lakini nikikanyaga mpaka mwisho gia ya tatu naona kama inachelewa, halafu ghafla inavuta. Ni mwinuko au kuna kitu?


Fundi_Kizota:

Hapana, huo si mwinuko. Ni koo ya pili inafunguka kwa kuchelewa. Ile ilikaa miaka haitumiki sawasawa, shafti yake ina utando wa vumbi na mafuta, siku ile niliiosha lakini naona haijalainika. Dondosha tone moja la mafuta mepesi kwenye kiungo chake kila upande, injini ikiwa imezimwa na imepoa, kisha kifungue na kukifunga kwa kidole mara ishirini hivi. Kirudi chenyewe bila kusita. Usiguse skrubu yoyote. Kikiendelea kusita nipitie Jumamosi ukitoka Majengo, nitakiangalia ukiwa unapakua makreti.